Shajara ya mradi: siku 90 za kumhamisha chatu mfalme kwenye kizimba kipya

Siku ya 1. Hali ilivyo kabla ya kugusa chochote

Mnyama ni chatu mfalme (Python regius), jike, anakaribia miaka miwili, mzaliwa wa kizimbani. Uzito gramu 812. Amegoma kula panya mara tano mfululizo. Ncha ya mkia ina vipande vya gamba la zamani, na jicho la kushoto lina ukungu usioondoka, maana yake kifuniko cha jicho, yaani gamba angavu la juu ya jicho linalovuliwa pamoja na ngozi, hakikutoka mara iliyopita. Pua ni safi, mdomoni hakuna mapovu, pumzi haina mlio. Tumbo halina madoa mekundu wala ya kahawia.

Makazi yake: tangi la kioo la sm 90 × 45 × 45, kifuniko cha wavu, mkeka wa joto chini, pango moja kubwa katikati.

Vipimo vya saa 4 usiku, kwa nyuzi za Selsiasi:
Kioo juu ya mkeka, chini ya matandiko: 44
Hewa upande wa joto: 24.5
Hewa upande wa baridi: 22
Unyevu: asilimia 34

Kabla ya kulaumu panya, soma nambari hizo. Chatu mfalme anahitaji mahali pa kuota penye nyuzi 32 hadi 35, hewa ya upande wa joto karibu nyuzi 30, upande wa baridi 24 hadi 27, na unyevu wa asilimia 60 hadi 80. Hapa hewa yote ni baridi na kikavu, na joto pekee lililopo linaunguza. Mkeka wa joto hupasha kile kinachougusa, hewa haiufaidi. Pango nalo limewekwa katikati, kwa hiyo nyoka lazima achague moja: ajifiche au ajipashe joto. Chatu mfalme akilazimishwa kuchagua hivyo huchagua kujificha, na aliye baridi hali.

Hatari kubwa kuliko zote ni kwamba mkeka umechomekwa moja kwa moja ukutani, bila thamostati, kifaa cha kudhibiti joto. Vishimo vya mdomoni mwa chatu vinahisi joto la mawindo kwa ustadi wa ajabu, ila tumbo lake ni zito kushtuka. Anaweza kulala juu ya kitu kinachomuunguza mpaka magamba yabadilike rangi.

Yaliyofanywa siku hiyohiyo, ili asiteseke wakati kizimba kinajengwa: mkeka umeunganishwa na thamostati, kihisio kimebanwa kati ya mkeka na kioo, kiwango nyuzi 33. Robo tatu ya wavu wa juu imefunikwa kwa karatasi ya alumini. Pango kubwa limetolewa, yamewekwa mawili madogo, moja kila upande. Chakula hakitolewi tena hadi ahamie.

Siku ya 2 hadi ya 5. Sanduku

Vipimo: urefu sm 120, kina sm 60, kimo cha ndani sm 60. Plaiwudi ya mm 12. Karatasi moja ya sm 244 × 122 inatosha karibu bila kubakiza: hutoa vipande vinne vya 120 × 60, yaani sakafu, paa, mgongo, na cha nne hukatwa katikati kuwa kuta mbili za pembeni. Kosa linalojirudia ni kusahau unene wa ubao. Mgongo ukikaa juu ya sakafu, kuta za pembeni lazima zipunguzwe mm 12 ziwe na kina cha sm 58.8, la sivyo zitachomoza mbele na reli za milango hazitakaa sawa.

Mbele chini kuna ubao wa kimo cha sm 10 wa kuzuia matandiko. Juu yake ni reli na vioo viwili vya kuteleza vya mm 4, kila kimoja upana wa sm 60.5 ili vipishane karibu sm 3. Kufuli ya milango ya kioo si pambo. Chatu husukuma kwa pua usiku kucha, na kioo kikisogea kidogo tu keshapata njia.

Matundu ya hewa ni manne, kipenyo sm 5 kila moja, yamezibwa kwa wavu wa chuma kwa ndani: mawili chini upande wa baridi, mawili juu upande wa joto. Mpangilio huo hufanya hewa ijisogeze yenyewe, maana ya moto hupanda na kutoka na nyingine huingia chini.

Kona zote za ndani zimejazwa silikoni ya matangi ya samaki. Silikoni ya bafuni isitumike, kwa kuwa nyingi zina dawa ya kuzuia ukungu. Mbao zimepigwa msasa, kisha vanishi ya maji mara tatu, kila mkono ukauke kabla ya mwingine. Kingo za plaiwudi zimepewa mkono wa nne. Maji huingilia hapo, na plaiwudi iliyovimba kingo haina dawa.

Siku ya 6 hadi ya 13. Kukausha. Milango wazi, feni ndogo mbele. Kigezo ni pua: funga sanduku kwa saa 12, fungua, nusa. Siku ya 10 harufu ya vanishi bado ilikuwapo. Siku ya 13 haipo.

Siku ya 14. Umeme

Vyanzo vya joto ni viwili. Mchana, balbu ya halojeni ya wati 75 kwa saa 12. Usiku, kipasha joto cha seramiki cha wati 80 kisichotoa mwanga. Vyote viko kwenye holda za seramiki, kwa kuwa ya plastiki hulainika na hatimaye kuyeyuka. Kila kimoja kina kikapu chake cha chuma, na kutoka kikapuni hadi juu ya matandiko ni sm 33. Bila kikapu nyoka atajizungusha kwenye balbu. Majeraha mengi ya moto yanayofikishwa kwa madaktari wa wanyama yana chanzo hicho, au jiwe la umeme la kuota joto, kifaa kisichostahili kuwamo katika kizimba chochote.

Thamostati si kitu kimoja. Halojeni inataka ile inayofifiza mwanga kidogo kidogo. Ukiipa ya kuwasha na kuzima, balbu itawaka na kuzimika mchana kutwa, nyoka atasumbuka na balbu itakufa mapema. Seramiki inakubali ya mapigo (inayotuma umeme kwa vipindi vifupi) au ya kufifiza. Mkeka unaridhika hata na ya kuwasha na kuzima.

Taa za rangi nyekundu au buluu za usiku zimeachwa nje ya mpango. Usiku uwe giza.

Siku ya 15 hadi ya 18. Majaribio bila nyoka

Saa 72 za kupima ndizo zinazorukwa na wengi kwa haraka ya kuona mnyama katika nyumba mpya. Hapa zimeokoa ngozi.

Usiku wa kwanza kihisio cha thamostati kilikuwa kimening'inia karibu na tundu la hewa la juu. Hewa ya chumbani ilikipuliza, kikasoma nyuzi 27, thamostati ikaamini kizimba ni baridi na kuisukuma balbu kwa nguvu zote. Jiwe bapa lililo chini ya balbu lilifika nyuzi 43. Thamostati haikuharibika; ilitii kipimo ilichopewa.

Marekebisho: kihisio sasa kiko ukutani, sm 3 juu ya matandiko, ukingoni mwa duara la mwanga, kimeshikwa na vibanio viwili vya plastiki vya skrubu. Gundi ya karatasi (selotepu) hairuhusiwi ndani hata kipande. Ikibanduka itanata kwenye magamba, na kuitoa ni kuchuna ngozi. Kihisio kinachoweza kung'olewa na nyoka nacho ni hatari ileile ya nyuzi 43 kwa njia nyingine: kikiangukia kwenye bakuli la maji, balbu haitapumzika.

Baada ya hapo, saa 48 mfululizo: jiwe nyuzi 33 hadi 34, hewa ya upande wa joto 30.5, upande wa baridi 25.5. Usiku upande wa joto 27, wa baridi 24.

Uso wa jiwe umepimwa kwa bastola ya infraredi (kipimajoto kinachosoma bila kugusa), hewa kwa vihisio vya kidijitali. Vifaa hivi haviwezi kubadilishana kazi. Bastola husoma uso wa kitu inachoelekezewa na haioni hewa.

Siku ya 19. Unyevu, na hesabu yake

Kwanza vipima unyevu vilijaribiwa kwa chumvi. Kijiko kimoja cha chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, matone ya maji mpaka ilowe bila kuyeyuka, kisha kifuniko na vipimo ndani ya mfuko uliofungwa kabisa, kwa saa 12. Hewa ya mfukoni hutulia asilimia 75. Kipimo cha kwanza kilisoma 74, cha pili 79 (kimeandikwa kwa kalamu mgongoni: toa 4), cha tatu, cha mshale, 58. Hicho cha mshale kimetupwa.

Matandiko: kina sm 8 kwenye sakafu nzima, yaani karibu lita 58. Mchanganyiko ni lita 40 za makumbi ya nazi yaliyosagwa na lita 18 za magome ya miti ya kupandia okidi. Makumbi peke yake yakikauka hutoa vumbi. Vipande vya mierezi na misonobari visitumike, kwa kuwa mafuta yao yenye harufu hudhuru njia ya hewa.

Maji lita 2 yalimwagwa katika pembe nne, polepole, yashuke hadi sakafuni. Tabaka la juu likabaki kavu mkononi. Kupuliza maji juu kwa chupa hupandisha kipimo kwa saa moja mbili, kisha kinashuka, na wakati huohuo tumbo la nyoka linalala kwenye majimaji. Magamba huoza kwa njia hiyo: uso unyevu, hewa isiyotembea.

Usomaji wa jioni: upande wa baridi asilimia 80, upande wa joto 54. Tofauti hii huwatia watu wasiwasi wakaongeza maji, ilhali hewa ni ileile. Hewa ya nyuzi 25 inaweza kubeba karibu gramu 23 za mvuke kwa mita ya ujazo. Ikiwa na asilimia 80, imebeba 18.4. Ipashe hadi nyuzi 32, ambako uwezo wake ni karibu gramu 33.8, na gramu zilezile 18.4 zinasomeka asilimia 54. Hakuna maji yaliyopotea. Ndiyo sababu rekodi inachukuliwa upande wa baridi, na pango la tatu, lenye kuvumwani aina ya sfagnamu iliyolowekwa na kukamuliwa kwa nguvu, limewekwa katikati likiegemea upande wa joto.

Hesabu hiyohiyo hukausha tangi lolote linalopashwa joto: hewa ya chumba ya nyuzi 23 yenye asilimia 50, ikipashwa hadi 32, hubaki na 30, na kifuniko cha wavu huiachia itoke na kuingiza nyingine mpya kila dakika.

Siku ya 22. Anahamia

Uzito gramu 801. Mapango yamechaguliwa kwa kubana: nyoka aliyejikunja aguse kuta pande mbili au tatu. Pango lenye nafasi ya kupumua ni sebule, halimtulizi. Bakuli la maji ni zito, upana sm 25, upande wa baridi. Lingekaa chini ya taa lingegeuza kizimba kuwa bafu la mvuke. Majani makavu na matawi mawili yamejaza uwazi wa katikati ili asilazimike kuvuka uwanja mtupu.

Kuanzia leo hashikwi kwa siku saba. Maji yanabadilishwa, vipimo vinasomwa kupitia kioo, basi.

Siku ya 29. Chakula, jaribio la kwanza: amekataa

Panya wa kugandishwa, gramu 40, sawa na asilimia 5 ya uzito. Kwa umri na uzito wake kawaida ingekuwa asilimia 7 hivi kila siku 10 hadi 14, lakini tumbo lililokaa bure muda mrefu huanzishwa kwa mlo mdogo. Kipimo cha macho kinachosaidia mizani: panya asizidi sana unene wa nyoka mahali alipo mnene zaidi.

Utaratibu: panya ameyeyuka ndani ya friji usiku kucha, ndani ya mfuko. Jioni mfuko umetumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 40 kwa dakika 15, panya akakaushwa kwa karatasi, kichwa kikasoma nyuzi 38 kwenye bastola. Maikrowevu isitumike, huivisha sehemu moja na kuacha nyingine barafu, na tumbo la panya hupasuka. Taa zilizimwa saa 1 kabla. Koleo la sm 40, panya ameshikwa nyuma ya shingo.

Nyoka alitoa ulimi mara chache akarudi pangoni. Panya aliachwa mlangoni mwa pango hadi asubuhi, kisha akatupwa. Aliyeyeyushwa harudishwi kwenye friza.

Panya hai hakufikiriwa. Panya aliye hai humng'ata nyoka asiye na njaa, wakati mwingine hadi mfupa.

Siku ya 31. Sababu ya kukataa imejitokeza: tumbo lina rangi ya waridi, macho yote mawili yamekuwa ya kibuluu. Anajiandaa kujivua gamba. Katika kipindi hiki haoni vizuri, na wengi hawali. Hakuna jaribio jingine hadi amalize. Sfagnamu imelowekwa upya, na lita 1 ya maji imeongezwa pembeni. Upande wa baridi asilimia 82.

Siku ya 36. Macho yameng'aa. Bado hajavua, kati ya macho kung'aa na gamba kutoka hupita siku kadhaa.

Siku ya 40. Gamba

Limetoka zima, kama soksi iliyogeuzwa, kutoka puani hadi ncha ya mkia. Vifuniko vya macho vimehesabiwa kwenye gamba dhidi ya mwanga: viwili, na cha kushoto ni kinene, kile cha zamani kimeondoka pamoja na kipya. Kama kingebaki, dawa ingekuwa unyevu na kungoja mzunguko unaofuata, au daktari. Kibano cha kope kisikaribie jicho la nyoka kamwe. Kilicho chini ya kifuniko ni jicho lenyewe.

Gamba halikutumika kupima urefu wa nyoka. Hutanuka linapotoka, na humsingizia mwenyewe urefu asio nao.

Uzito baada ya kuvua: gramu 796. Tangu siku ya 1 amepungua asilimia 2 tu. Mstari wa hatari uliowekwa ni gramu 731, yaani upungufu wa asilimia 10. Kabla ya hapo mgomo wa chatu mfalme haujawa ugonjwa. Waliokomaa hugoma hata miezi kadhaa katika majira ya kuzaliana, na uzito wao ukashuka kidogo mno.

Siku ya 43. Amekula

Panya gramu 40, utaratibu uleule. Alidaka ndani ya dakika 2, akaviringisha, akameza kwa dakika 14. Tofauti na siku ya 29 ni gamba peke yake; joto halikubadilishwa hata nusu nyuzi. Saa 72 hashikwi. Akishikwa mapema anaweza kutapika, na kutapika kwa nyoka si jambo la kufuta na kusahau. Asidi huunguza umio, vijidudu vya kusaga chakula hupotea. Anayetapika hupumzishwa siku 14, kisha hupewa nusu ya mlo.

Siku ya 49. Kinyesi cha kwanza. Kimeshikana, na urati (mkojo wa nyoka, ambao hutoka ukiwa mgumu) ni nyeupe, si ya njano wala ya kijani. Sampuli imepelekwa kwa daktari wa wanyama kuchunguzwa minyoo. Mikono imeoshwa kwa sabuni, kama kila mara: nyoka mzima wa afya anaweza kubeba bakteria wa salmonela.

Siku ya 53. Panya gramu 50. Amekula. Majibu ya kinyesi: safi.

Siku ya 58. Ukungu

Nyuzi nyeupe za ukungu zimeonekana kwenye matandiko pembe ya nyuma, upande wa baridi. Upande huo ulikuwa umesoma asilimia 86 hadi 88 kwa siku nne. Chanzo: majani makavu yalikuwa yamerundikana mbele ya tundu moja la chini. Hewa ilikwama hapo hapo maji yalipokusanyika.

Karibu lita 3 za matandiko zimetolewa na kutupwa, majani yamesogezwa, maji hayakuongezwa kwa siku sita. Tumbo la nyoka limekaguliwa lote kwa tochi: hakuna gamba lililobadilika rangi. Wadudu wadogo weupe wanaokula ukungu, kolembola, wangefanya kazi hii kimyakimya, na huenda wakaongezwa baadaye.

Katika ukaguzi huohuo nyoka amelazwa kwenye karatasi nyeupe dakika 10. Utitiri wa nyoka huonekana kama nukta nyeusi zinazotembea, hasa kuzunguka macho, chini ya kidevu na ndani ya bakuli la maji. Hakuna hata mmoja.

Siku ya 67. Panya gramu 58. Amekula. Uzito kabla ya mlo gramu 824.

Siku ya 71. Umeme umekatika kwa saa 6

Hewa ya upande wa joto ilishuka kutoka nyuzi 30.5 hadi 25 kwa saa 6. Mbao zimesaidia, tangi la kioo lingepoa haraka zaidi. Wasiwasi hapa haukuwa ubaridi wenyewe, kwani nyuzi 25 kwa usiku mmoja hazimdhuru. Ulikuwa ni panya wa siku nne aliye tumboni. Joto likikosekana usagaji husimama, na nyama huanza kuoza ndani ya nyoka.

Chupa mbili za lita 1.5 za maji ya nyuzi 45 zilifungwa kwa taulo zikawekwa upande wa joto saa ya tatu, na blanketi likafunika vioo, matundu yakiachwa wazi. Hakutapika. Chupa hizo na kipimo chenye betri sasa vinakaa juu ya kizimba.

Siku ya 81. Panya gramu 58. Amekula kabla koleo halijafika mlangoni mwa pango, na koleo nalo limepata sehemu yake. Sm 40 si nyingi.

Siku ya 90. Vipimo

Uzito: gramu 851
Jiwe la kuota: nyuzi 33.5
Hewa, joto na baridi, mchana: 30.5 na 25.5
Hewa, joto na baridi, usiku: 27 na 24
Unyevu upande wa baridi: asilimia 70 hadi 78
Maji yanayoongezwa pembeni: lita 1 kila siku 8 hadi 10

Yaliyobaki: kubadilisha skrubu moja ya reli ya mlango iliyoanza kutu, na kurudia jaribio la chumvi kwa kipimo cha pili, ambacho wiki hii kimeanza kutofautiana na mwenzake kwa 6 badala ya 5. Mlo unaofuata siku ya 95, panya wa gramu 60, mradi macho hayajawa ya buluu.